Faili la MIDI Halina Sauti: Nani Basi Anapiga?

Katika kwaya nyingi za Tanzania na Kenya siku hizi, wimbo mpya unaingia kwa simu. Mtunzi anatuma mafaili mawili: moja la PDF lenye nota za soprano, alto, tena na besi, jingine dogo sana lenye mkia wa .mid. La PDF linafunguka popote. Hili dogo ndilo lenye visa. Kwenye simu ya mwalimu linalia kama miito ya simu za zamani, kwenye kompyuta ya parokia linatoa piano kavu isiyo na uhai, na kwenye simu ya mwanakwaya mwingine halifunguki kabisa. Akiuliza afanyeje, anajibiwa kwa ufupi: ligeuze liwe MP3.

Jibu hilo lina ukweli, lakini limeiruka kazi yenyewe. Ukigeuza picha kutoka JPG kwenda PNG, picha ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuihifadhi. Faili la MIDI haliko hivyo. Ndani yake hamna sauti hata chembe. Mna maagizo: bonyeza ufunguo huu, kwa nguvu hii, uachie baada ya muda huu, kwa ala namba fulani. Ili maagizo hayo yasikike, sharti apatikane mpigaji mwenye ala. Kwenye kompyuta ya nyumbani mpigaji huyo ni programu, na ala zake ni sauti ulizompa au alizozikuta kwenye mashine. Anayetaka MP3 kutoka kwenye MIDI, kwa kweli, anarekodi onyesho jipya, na kila uamuzi wa onyesho hilo uko mikononi mwake. Wengi hawajui kwamba wana uamuzi huo, na ndiyo maana rekodi nyingi za mazoezi zinachosha masikio.

Tuanze na kilichomo. Nota zote zimepewa namba kuanzia 0 hadi 127. C ya katikati ya piano ni 60. A inayotumiwa kupatanisha ala, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ni 69. Nguvu ya kubonyeza nayo ni namba, 1 hadi 127. Chaneli ni 16, na kila chaneli hupiga ala moja kwa wakati. Kuna vidhibiti vyenye namba zake pia: 7 ni ukubwa wa sauti ya chaneli, 10 ni upande wa kushoto au wa kulia, 64 ni pedali ya piano. Mwendo wa wimbo umeandikwa humohumo. Faili lisipoutaja, mpigaji hudhani ni mapigo 120 kwa dakika, na hivyo wimbo wa Kwaresima unaweza kutoka ukikimbia kama wa harusi.

Hesabu ndogo inaonyesha umbali uliopo kati ya maagizo na sauti. Kila nota inahitaji baiti 3 za kuianzisha na 3 za kuizima, na kila mara baiti moja au zaidi ya muda. Wimbo wa sauti nne wenye nota 2,000 unaenea katika baiti 16,000 hadi 20,000 hivi. Wimbo huohuo ukirekodiwa kwa kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, kushoto na kulia, unakula baiti 176,400 kila sekunde. Ukiwa wa dakika 4, hizo ni zaidi ya baiti milioni 42. Tofauti ya zaidi ya mara 2,000 haitokani na ustadi wa kubana data. Vitu viwili tofauti vinapimwa: kimoja kinasema nini kipigwe, kingine kinaeleza jinsi hewa ilivyotikisika kilipopigwa.

Ukimya huo ulikusudiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kiwanda cha vinanda vya umeme kilikuwa na waya wake na lugha yake, na kinanda cha kampuni moja hakikuweza kukiongoza cha nyingine. Dave Smith wa Sequential Circuits ya Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland ya Japani walisukuma wazo la lugha moja kwa wote, ndiyo MIDI. Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala huko Anaheim, California, kinanda cha Prophet-600 cha Smith kiliungwa kwa waya na cha Roland, na aliyebonyeza kimoja alisikika kwenye kingine. Wawili hao walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013 kwa kazi hiyo. Waya ule haukuwa na haja ya kubeba sauti, kwa sababu kila kinanda kilikuwa na sauti zake tayari. Muundo wa faili ambalo leo linazunguka kwenye simu zetu ulikubaliwa baadaye, mwaka 1988, na kasoro yake ilionekana mapema: faili lililotungwa kwa filimbi kwenye kinanda cha mtu mmoja lingeweza kulia tarumbeta kwenye kinanda cha mwingine, kwani kila kiwanda kilipanga ala kwa namba zake.

Tiba ilikuja mwaka 1991 kwa jina la General MIDI. Orodha ya ala 128 ilipangwa, na watengenezaji wakakubaliana kuifuata: namba 1 piano, namba 20 kinanda cha kanisa, namba 22 akodiani, chaneli ya 10 ngoma peke yake. Orodha hii ndiyo inayotawala hadi leo kila unapobonyeza faili la .mid, na inafaa msomaji wa Kiswahili aipitie kwa macho yake. Afrika imo kidogo. Marimba ni namba 13, kalimba ni namba 109, imewekwa karibu na sitar ya India na koto ya Japani. Kwenye chaneli ya ngoma kuna konga, bongo, agogo na marakasi, ambazo nyingi zimepitia Cuba na Brazil kabla ya kuandikwa humo. Udi haumo. Kanuni haimo. Zeze, nzumari na kayamba havimo. Mpiga taarabu anayetaka udi kwenye mpango huu analazimika kuazima gitaa la nailoni, namba 25, na msikilizaji wa Unguja au Mombasa anaing'amua hila hiyo kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu lina dawa.

Kuna chuki ya zamani dhidi ya MIDI: watu huamini kwamba MIDI ni ile sauti ya michezo ya kompyuta ya miaka ya 1990. Sauti ile ilikuwa ya chipu. Kadi ya AdLib ya mwaka 1987 na Sound Blaster ya 1989 zilitumia chipu ya Yamaha iliyounda sauti kwa hesabu za mawimbi yanayotikisana, mbinu iliyovumbuliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mbinu hiyo ilifanya maajabu katika kinanda cha DX7 cha mwaka 1983, lakini chipu ya bei nafuu ndani ya kompyuta ilitoa fidla inayofanana na nyuki. Hatua iliyofuata ilikuwa kurekodi ala halisi, nota kwa nota, na kuzihifadhi ili zichezwe kwa kufuata maagizo ya MIDI. Kompyuta yenye Windows hata leo inabeba mkusanyiko wa namna hiyo uliotoka Roland, faili linaloitwa gm.dls, lisilofika megabaiti 4. Ala zote 128 pamoja na ngoma zimesongamana humo. Ndiyo piano kavu ya kompyuta ya parokia. Ukibadilisha mkusanyiko huo bila kugusa hata nota moja ya faili la mtunzi, wimbo unakuwa mwingine.

Sasa njia. Inayojulikana zaidi ni kunasa kinachotoka: kompyuta inacheza MIDI, na programu ya kurekodi kama Audacity inashika sauti inayoelekea kwenye spika. Kwenye Windows, Audacity inaruhusu kuchagua spika zenyewe kuwa chanzo cha kurekodi, kwa hiyo si lazima kuweka kipaza sauti mbele ya kompyuta. Njia hii inafanya kazi, ila inakula muda uleule wa wimbo, inanasa pia mlio wa ujumbe ulioingia katikati ya ubeti, na umeme ukikatika unaanza upya. Zaidi ya yote, unarekodi gm.dls, yaani umehifadhi kwa ubora mkubwa kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa kizuri. Naona ina mahali pamoja tu pa heshima: pale ambapo kanisa au bendi ina kinanda kizuri. Hapo faili hutumwa kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kinanda, kinanda kinapiga kwa sauti zake, na waya mwingine unatoka kwenye tundu lake la sauti kurudi kwenye kompyuta. Mpigaji ni kinanda, kompyuta ni karani. Matokeo yanaweza kuzidi kila kitu kitakachotajwa hapa chini.

Kwa asiye na kinanda cha namna hiyo, njia iliyo bora kuliko zote kwa thamani ya bei ni programu inayopiga MIDI moja kwa moja ndani ya faili la sauti bila kupitia spika. FluidSynth ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inahitaji vitu viwili: wimbo wako, na mkusanyiko wa ala zilizorekodiwa, uliofungwa katika faili lenye mkia wa .sf2, ambao wahusika huuita saundifonti. Muundo huo ulibuniwa na kampuni ya E-mu na kuenezwa na kadi za Sound Blaster AWE32 kuanzia mwaka 1994. Kadi hizo zimeshazeeka zikaondoka, muundo umebaki. Agizo lenyewe ni mstari mmoja unaoandikwa kwenye dirisha la amri:

fluidsynth -ni -F wimbo.wav -r 44100 -g 0.6 ala.sf2 wimbo.mid

Hapo wimbo.wav ni rekodi itakayozaliwa, 44100 ni idadi ya sampuli kwa sekunde, 0.6 ni ukubwa wa sauti, ala.sf2 ni saundifonti, na wimbo.mid ni faili la mtunzi. Kwa kuwa hakuna anayesikiliza wakati kazi inafanyika, kompyuta haina sababu ya kwenda na mwendo wa wimbo. Hata mashine ya zamani humaliza wimbo wa dakika 4 haraka kuliko muda wa kuusikiliza, na mwalimu mwenye mafaili ya misa nzima anaweza kuyapanga yote yakapigwa kwa mkupuo. TiMidity++ ni ndugu yake mzee, anayefanya kazi hiyohiyo kwa mtindo huohuo.

Ukubwa wa sauti unastahili neno. FluidSynth isipoambiwa kitu hutumia 0.2, na rekodi hutoka hafifu hadi mtu anadhani imeharibika. Akikasirika na kupandisha hadi 3, sehemu zenye ala nyingi zinagonga dari: biti 16 zina ngazi 65,536 tu, na wimbi linalotaka kuvuka ya mwisho linakatwa kichwa, likatoa mkwaruzo usiosafishika baadaye. Panda kidogo kidogo, sikiliza mahali ambapo sauti zote nne na kinanda vinakutana, kisha simama kabla ya mkwaruzo. Programu hiyo pia huongeza mwangwi bila kuombwa. Kwa hedifoni ni jambo zuri. Kwa rekodi itakayopigwa kwenye spika za kanisa lenye kuta za saruji na paa la juu, mwangwi unakutana na mwangwi, nota zinazama. Kiambatanisho -R 0 kinauzima.

Kuchagua saundifonti ndiko kuchagua wapigaji. Iliyozoeleka zaidi ni FluidR3 ya Frank Wen, yenye zaidi ya megabaiti 140, inayotolewa bure kwa matumizi yoyote. GeneralUser GS ya S. Christian Collins ni ndogo, kama megabaiti 30, na mara nyingi inakuwa na uwiano mzuri zaidi kati ya ala na ala, jambo ambalo kwa bendi nzima lina thamani kuliko ukubwa. Kwa piano peke yake kuna Salamander, iliyorekodiwa kutoka Yamaha C5 kwa ngazi 16 za nguvu ya kubonyeza. Hizo ngazi ndizo siri ya piano kusikika kama piano. Kamba iliyogongwa kwa upole haitoi sauti ileile kwa kiasi kidogo. Inatoa sauti ya rangi nyingine, laini zaidi, yenye mng'ao mdogo. Mkusanyiko wenye ngazi moja unajua kupunguza sauti tu, na sikio linagundua hata la mtu asiyejua kusoma nota.

Hata hivyo, ngazi 16 hazisaidii ikiwa mtunzi ametuma nota zote kwa nguvu moja. Hili ndilo gonjwa kubwa la mafaili ya kwaya. Nota zilizoandikwa kwa kipanya kwenye programu ya nota hutoka na namba ileile ya nguvu kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mtunzi ameweka alama za kupaza na kushusha. Kila nota inaanza sawasawa na pigo, hakuna pumzi, hakuna anayesita mwishoni mwa sentensi. Mwimbaji hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno bila kufundishwa, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachomtuma. Faili halijui maneno. Anayetaka rekodi yenye uhai afungue MIDI katika programu ya kutengenezea muziki, apandishe nguvu ya nota zinazobeba silabi zenye mkazo, ashushe zile za pembeni, apunguze mwendo kidogo kabla ya kituo. Kazi hiyo inachosha, na faida yake ni kubwa kuliko kununua sauti za bei mbaya.

Programu hizo za kutengenezea muziki ndizo njia ya tatu. GarageBand inapatikana bure kwa wenye Mac, LMMS ni ya bure kwa wote, na Reaper ina wafuasi wengi kwa wepesi wake. Unaburuta faili la MIDI, chaneli zinajipanga mstari kwa mstari, na kila mstari unaupa ala yake: soprano piano ya Salamander, besi kitu kingine, ngoma mkusanyiko mwingine. Tangu kampuni ya Steinberg ilipofungua mlango wa ala za programu mwaka 1999, maelfu ya ala za namna hii yametengenezwa, za bure na za kulipia. Hapa unapata uhuru wote, pamoja na mzigo wa kuamua kila kitu.

MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota, nayo hufungua MIDI na kutoa WAV au MP3, na toleo lake la 4 la mwaka 2022 lilileta sauti za okestra nzuri sana. Tahadhari ni moja. MuseScore hujaribu kuyageuza maagizo kuwa nota zilizoandikwa, na katika kufanya hivyo hunyoosha kila kitu kifuate mapigo. Faili lililotoka kwenye programu ya nota halidhuriki. Faili lililotoka kwenye vidole vya mpiga kinanda aliyecheza kwa hisia linapoteza zile sekunde ndogondogo za kuchelewa na kuwahi ambazo ndizo zilizokuwa muziki wake. Kama mtunzi anatumia MuseScore, mwombe faili la nota lenyewe na uiache MIDI.

Kuhusu mitandao inayogeuza MIDI bila kusakinisha kitu, nitasema machache. Nyuma yake kuna programu na saundifonti kama hizi, ila aliyechagua ni mtu mwingine, na wimbo ambao mtunzi hajautoa hadharani unapakiwa kwenye mashine usiyoijua.

Kwa mazoezi ya kwaya, naomba walimu wafikirie jambo moja kwa makini. Orodha ya General MIDI ina sauti ya kwaya, namba 53, inayoimba "aa". Inavutia, na watu huiweka kwenye mistari yote minne wakidhani imekaribia ukweli. Kwa kujifunza nota ni chaguo baya. Sauti hiyo inaingia polepole, mwanzo wa nota hauko wazi, na mistari ya alto na tena ikikaribiana masikio hayaitofautishi. Mwanafunzi anahitaji nota yenye mwanzo mkali: piano, au marimba. Na badala ya rekodi moja ya jumla, zitolewe nne. Katika ya kwanza soprano iwe juu, wengine chini, ya pili alto, na kuendelea. Kidhibiti namba 7 ndicho kinachofanya hivyo: mstari unaofundishwa upewe 110, mingine 50. Mwanakwaya wa besi anayeishi mbali anapata sauti yake ikiwa mbele, huku akisikia nyingine zinazomzunguka, kitu ambacho kusikia mstari wa besi peke yake hakumpi. Faili la MIDI lina uwezo huu kwa sababu mistari yake haijachanganywa. Ukishaipika kuwa MP3 moja, kuitenganisha tena ni kazi ngumu. Programu za kusikiliza rekodi na kuziandika upya kama MIDI zipo, Basic Pitch ya Spotify ya mwaka 2022 ni mojawapo, lakini kwaya ya sauti nne kwenye kanisa lenye mwangwi huzichanganya.

Taarabu inaleta swali zito zaidi. MIDI imejengwa juu ya oktava iliyogawanywa nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Maqam (mpangilio wa nota wa Kiarabu) ya Rast, ikianzia C, ina nota ya tatu inayokaa takriban katikati ya E bemoli na E, na Bayati nayo ina nota ya pili ya aina hiyo. Namba 63 ni E bemoli, namba 64 ni E. Katikati yake hakuna namba. Nyimbo nyingi za taarabu hupigwa na akodiani bila tatizo kwa kuwa hazihitaji robo toni, lakini zinazozihitaji zikipigwa kwa E kamili zinapoteza roho.

Njia ya kuzunguka ipo. MIDI ina agizo la kupinda sauti, lenye ngazi 16,384, katikati ikiwa 8,192, na kwa kawaida kupinda kote kunafika toni moja juu au chini. Robo toni chini ni ngazi 2,048, hivyo namba 6,144 inashusha E hadi mahali Rast inapoitaka. Tatizo ni kwamba agizo hilo linapinda chaneli nzima. Kwa hiyo nota za robo toni huwekwa kwenye chaneli yao pekee, yenye ala ileile, ikiwa imepindwa tangu mwanzo hadi mwisho. Inawezekana, ingawa inachosha kwa wimbo mrefu.

Vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu hufanya kwa namna nyingine. Vina vitufe vya kushusha E au B kwa senti 50 katika kinanda kizima, na ukirekodi MIDI humo, ujumbe wa kushusha unaweza kuhifadhiwa ndani ya faili kwa lugha maalumu ya kiwanda husika. Hapa ndipo mtego ulipo. Ukilipeleka faili hilo kwenye programu isiyoijua lugha hiyo, ujumbe unapuuzwa kimyakimya, nota zote zinapigwa, hakuna onyo lolote, na Rast inatoka ikiwa meja ya Kizungu. Asiyejua anamlaumu mpigaji. Ukitoa rekodi kutoka kwenye MIDI ya kinanda cha aina hiyo, sikiliza nota ya tatu kabla ya kusikiliza kitu kingine chochote, na ikiwa imepotea, rudi kwenye njia ya waya: kinanda chenyewe kipige, kompyuta irekodi.

Rekodi ikishakuwa nzuri, mambo ya muundo ni mepesi. Hifadhi WAV kwanza, kwa kuwa haijapunguzwa kitu. FLAC inahifadhi kilekile kwa nafasi ndogo. MP3 ni ya kusambaza. Kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 unakuwa karibu megabaiti 4. Kwa 192, karibu 6, na matoazi na milio ya juu inasikika safi zaidi. Usitengeneze MP3 kutoka kwenye MP3 nyingine. Rudi kwenye WAV kila mara.

Kwa upande wa haki, kuna tabaka mbili ambazo watu huzichanganya. Wimbo ni wa mtunzi, na sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, zinamlinda hata kama faili lake limetumwa kwenye makundi mia. Rekodi uliyotengeneza kwa saundifonti yako ni kazi nyingine juu ya ile ya kwanza. Kuitumia kufundishia kwaya kwa ruhusa ya mtunzi ni jambo moja. Kuiuza au kuipandisha hadharani kwa jina lako ni jingine. Saundifonti nazo zina masharti yake, na si zote zinazopatikana bure zinaruhusu biashara.

Nilisema kukosekana kwa udi na kayamba kuna dawa. Dawa ni kutengeneza saundifonti yetu wenyewe, na haihitaji kiwanda. Polyphone ni programu ya bure ya kuundia mafaili ya .sf2. Mpiga udi akikaa katika chumba kilichotulia, kipaza sauti kizuri mbele yake, akapiga kila nota kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, akaiacha ife yenyewe kabla ya kupiga inayofuata, malighafi imepatikana kwa kikao kimoja kirefu. Kila rekodi inafungwa kwenye ufunguo wake na kupewa kiwango chake cha nguvu. Na kwa kuwa kila ufunguo unaweza kupewa marekebisho ya senti peke yake, E ya udi huo inaweza kushushwa senti 50 ndani ya saundifonti yenyewe, ikawepo saundifonti ya Rast na nyingine ya Bayati, bila kupinda chaneli yoyote. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kule Zanzibar, kinachofundisha udi na kanuni, kina wapigaji na masikio ya kuifanya kazi hii kwa kiwango kinachostahili, na ningependa kuona vyuo vya namna hiyo vikiitoa bure kama Frank Wen alivyotoa yake.

Anayetaka kuanza peke yake nyumbani aanze na ngoma na kayamba, kwa sababu hazina matatizo ya kupatanisha sauti. Asirekodi pigo moja na kulirudia. Kayamba ikitikiswa mara kumi hutoa milio kumi tofauti, na sampuli moja ikirudiwa sikio linaikamata ndani ya mapigo machache. Arekodi mitikiso minne au mitano ya kwenda na mingine ya kurudi, mapigo ya ngoma ya katikati, ya ukingoni na ya kuzuia kwa kiganja, kila moja kwa nguvu tatu. Akate kimya kilichotangulia kila pigo hadi lianze papo hapo ufunguo unapobonyezwa, kwani hata sehemu ndogo ya sekunde ikibaki, kayamba yote itachelewa nyuma ya kinanda.